Vitu Vilivyokutwa Ndani ya Kiti

"Wiki mbili tu," mume wangu aliniambia, ameinua vidole viwili kama mtu anayeagiza chai. "Wiki mbili, halafu arudi alikotoka. Na hatumzoei."

"Hatumzoei," nikajibu, na nikala kiapo palepale.

Kiapo changu kilidumu mpaka mbwa aliposhuka kwenye gari. Alikuwa mzee, manyoya yake rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, mdomo umejaa mvi, jicho moja lina ukungu. Alitanguliza mguu mmoja chini, kisha akakaa kuutafakari wa pili. Mama Mbwa akamshika kiuno, akamsaidia. Huyu ndiye anayeendesha kituo cha kuokoa wanyama, na mji mzima unamwita hivyo, na mwenyewe anaitika bila kinyongo.

"Ana miaka kumi, kumi na moja hivi," akasema. "Tulimkuta amelala kwenye geti la nyumba tupu, imepigwa kufuli. Majirani walisema amekaa pale siku kumi na moja. Sasa ana miezi sita kwetu na hakuna aliyemtazama mara mbili, watu wanataka watoto wa mbwa. Nyie mumkalishe tu, aonje nyumba tena, mimi nimpige picha akiwa kwenye zulia. Mbwa wa kwenye zulia huchukuliwa haraka kuliko mbwa wa bandani."

"Na asipochukuliwa?"

"Atarudi bandani, dada yangu. Na kwa umri huo, akirudi, ndiyo basi tena."

Mume wangu alikuwa anakagua tairi za gari la watu, tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Miaka mitatu kabla ya hapo tulikuwa na mbwa wetu. Alipokufa, mume wangu alimtengenezea sanduku la mbao nzuri kuliko meza yetu ya kulia chakula, na wiki nzima hakuongea na mtu. Ndiyo maana ya vidole viwili.

Sisi ni mafundi wa makochi. Yeye ni seremala, kazi yake ni mbao. Mimi kazi yangu ni kila kinachofunika mbao, yaani springi, gunia, sufi, sponji na kitambaa. Karakana iko chini, sisi tunaishi juu. Na tuna sheria moja tuliyoachiwa na baba mkwe wangu, fundi kabla yetu: chochote kinachokutwa ndani ya kiti cha mteja kinarudi kwa mteja. Kinaingia kwenye bahasha, kinaandikwa kwenye orodha, na mteja anaweka sahihi kwamba amepokea. Tumewahi kurudisha meno ya bandia. Tumewahi kurudisha barua ya mapenzi, na aliyeipokea hakuwa aliyeandikiwa, lakini hayo tuyaache.

Wiki ya kwanza mbwa alilala mlangoni, uso barabarani. Alikula kidogo sana, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Hatukulijua jina lake, tukamwita Meneja, kwa sababu kila tulipopiga nyundo alituangalia kwa lile jicho zima kana kwamba tumechelewa kazini. Lakini hakutikisa mkia hata siku moja. Nilimwimbia, nikamrushia soksi iliyofungwa fundo, nikatambaa sakafuni mbele ya wateja. Wapi! Alinitazama tu kwa huruma.

Jumatatu ya wiki ya pili nilikwenda kununua vitambaa. Niliporudi, mume wangu alinipokea nje ya mlango, na macho yake yalikuwa yanang'aa hata nikadhani tumepata kazi ya hoteli.

"Amekula," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Meneja! Bakuli zima! Na amelamba mpaka limesogea kule ukutani!"

Nikaacha vitambaa mlangoni, nikakimbilia ndani. Katikati ya karakana palikuwa na kiti kimoja kikubwa chenye mikono mipana, cha zamani, kitambaa cha kijani kimefifia. Kililetwa asubuhi ile na binti mmoja mfamasia, ni cha baba yake, anataka kifunikwe upya. Na Meneja, aliyekuwa haondoki mlangoni, alikuwa amelala ubavuni mwa kile kiti, upande wa kulia, mgongo umeegemea. Ncha ya mkia ilikuwa inacheza. Kidogo tu, lakini ilikuwa inacheza! Nilipiga kigelegele mpaka jirani fundi baiskeli akaja kuuliza nani ameolewa.

Sasa naomba nikiri kosa langu mapema, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Kesho yake, Jumanne, niliinama kukipima kile kiti, nikaona upande wa kulia, kwa nje, kitambaa kimelika. Nyuzi zimetoka, pana alama ya mafuta mafuta, na manyoya ya mbwa yamejaa kwenye mshono. Meneja alikuwa amelala palepale.

"Kiti cha mteja!" nikapiga kelele. "Siku moja tu na ameshakitafuna!"

"Huenda kilikuja hivyo," mume wangu akasema.

"Uliandika kwenye daftari kwamba kimekuja hivyo?"

Hakuandika. Siku zote tunaandika hali ya kiti kinapoingia, mguu uliolegea, doa, tundu, yote. Jana yake alisahau, kwa furaha ya bakuli tupu. Basi nikaupandisha moto. Niliyemfokea hasa ni mume wangu, lakini aliyelipia ni mbwa. Nilichukua simu palepale nikampigia Mama Mbwa. Nikamwambia njoo umchukue mtu wako, anatuharibia kazi.

Mama Mbwa hata hakukasirika. "Usiwe na wasiwasi!" akasema, sauti imejaa sherehe. "Ile picha ya kwenye zulia imefanya kazi! Kuna mwalimu wa chekechea na mumewe, wana uwanja, wana moyo. Nilitaka kuwaambia wasubiri wiki yenu iishe, sasa naona nisiwacheleweshe. Jumamosi saa nne kamili nakuja nao hapo kwako."

Nikakata simu nikiwa mshindi. Nilipogeuka, Meneja alikuwa ananitazama, na ule mkia ulikuwa umetulia. Mume wangu alichukua randa, akaanza kulainisha ubao uliokuwa laini tayari.

Alhamisi asubuhi ndipo nilipokifungua kiti. Ukitaka kufungua kiti unaanza na kikalio: unang'oa misumari, unanyanyua kitambaa cha nje, chini yake pana kitambaa cheupe, chini yake sufi, chini yake gunia, mwisho springi. Niliweka bahasha karibu, nikaanza kuokota. Kitana kimoja. Kifuniko cha kalamu. Vifungo viwili. Tiketi ya treni iliyofifia. Kisha nikanyanyua kile kitambaa cheupe upande wa kulia, na mkono wangu ukasimama hewani.

Manyoya. Yamejaa. Rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa.

"Baba watoto!" nikaita. "Njoo! Njoo upesi!"

Akaja anakimbia na gundi mkononi, akidhani nimejikata.

"Angalia hapa. Hii ni nini?"

"Manyoya ya Meneja."

"Chini ya kitambaa cheupe? Misumari hii nimeing'oa mimi sasa hivi, ina kutu. Manyoya yamepitaje?"

Mume wangu si mtu wa maneno. Akaweka gundi chini taratibu. Kila fundi wa makochi anajua jambo hili, na mimi nilikuwa nimelisahau kwa hasira zangu: unyoya haushuki mpaka kwenye sufi kwa siku tatu. Unaingilia kwenye mshono, unasukumwa na uzito wa mtu akikaa na kuinuka, kidogo kidogo, miaka na miaka. Kama manyoya yalikuwa pale, basi mbwa wa rangi ile alilala kando ya kiti kile miaka mingi.

"Mbwa wa rangi hii wako wengi," mume wangu akasema, lakini macho yake yalikuwa kwa Meneja.

Nikachukua chaki yangu ya kukatia vitambaa. Nikapiga magoti upande wa kulia, nikakiangalia kile kitambaa kilicholika, safari hii kwa macho ya fundi na si kwa macho ya mgomvi. Hapakuwa na alama ya jino wala kucha. Palikuwa na alama mbili. Ya chini ilikuwa pana, imelainika, ina mafuta mafuta. Ya juu ilikuwa nyembamba, karibu na ukingo wa mkono wa kiti, pale nyuzi zilipotoka. Nikachora mstari wa chaki juu kabisa ya ile alama pana.

"Meneja," nikaita. "Njoo, baba."

Akaja kwa mwendo wake wa kuhesabu mifupa. Akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akajishusha, akaegemea. Mgongo wake ukasimama kwenye mstari wa chaki. Juu ya mstari, hapana. Chini ya mstari, hapana. Kwenye mstari!

Nilimshika mume wangu shati, nikamtikisa. "Na hii ya juu ni ya nini? Hii nyembamba?"

Alikwenda akakaa kwenye kile kiti, juu ya sufi iliyo wazi, akaegemea nyuma kama mtu aliyetoka kazini, akauachia mkono wa kulia uning'inie kwa nje. Kifundo cha mkono kikagusa pale penye nyuzi. Vidole vikaishia juu ya kichwa cha mbwa.

Tulikaa hivyo, watu wazima wawili na mbwa mmoja. Kisha nikalikumbuka neno Jumamosi.

Nikampigia Mama Mbwa kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, na mimi nilikuwa naongea bila kuvuta pumzi.

"Dada yangu," akasema, "nyumba aliyokutwa getini ilikuwa tupu kwa sababu waliokuwamo walihama na kumwacha. Mwenye mbwa asiyemtaka mbwa si mwenyewe tena. Hawa wa Jumamosi wanamtaka. Nikiwapiga kalenda watakwenda kununua mtoto wa mbwa, na huyu hatapata wengine. Kama mwenyewe yupo na anamtaka, aje kabla ya saa nne. Ikifika saa nne, mwalimu anaweka sahihi."

Haki yake. Nikafungua daftari, nikaitafuta namba ya yule mfamasia. Nikapiga nimesimama, siwezi kukaa.

"Dada, ni fundi wa kiti hapa. Kazi inaendelea vizuri. Nilitaka kukuuliza tu, baba aliwahi kufuga mbwa?"

Nikasikia mtu anamtajia dawa, naye anamwambia asubiri. Kisha akasema, "Kwa nini?"

"Mkubwa, rangi ya majani ya chai, jicho moja..."

"Stesheni amekufa," akasema haraka. "Kiti kikiwa tayari nijulishe." Akakata.

Nikaitazama simu. Kisha nikamtazama marehemu, ambaye alikuwa amelalia mguu wangu wa kushoto na anakoroma.

"Stesheni," nikasema polepole.

Kichwa kikainuka. Masikio yote mawili yakasimama, hata lile ambalo siku zote lilikuwa limelala. Akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena, na mkia ukaanza kupiga mbao za kiti, ta, ta, ta, ta, mpaka bahasha ikaanguka. Mume wangu akageukia ukutani akafuta uso kwa mkono uliojaa vumbi la mbao, jambo ambalo halisaidii. Mimi nililia waziwazi, sina aibu.

Ijumaa mchana yule mfamasia alikuja mwenyewe, bado amevaa koti jeupe la kazini. Hakupiga hodi. Alisimama kizingitini, na Stesheni akaenda kwake, akamnusa viatu, akaketi miguuni pake. Hakumrukia, wala hakumkasirikia. Binti akafunika mdomo kwa mkono.

"Nilimtafuta," akasema. "Msidhani sikumtafuta."

Nikamvutia stuli. Akatueleza yote bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Baba yake alikuwa dereva wa treni. Mbwa huyu mzee alimwokota stesheni, akiwa bado mchanga, ndani ya boksi. Mama alipofariki wakabaki wawili, mzee na mbwa. Kisha asubuhi moja mzee akajikwaa kwa mbwa mlangoni pa jikoni, akaanguka, akavunjika nyonga. Binti akamhamishia kwake, na mbwa akamkabidhi kwa mfanyakazi mwenzake, ng'ambo ya mji. Siku ya tatu mbwa akatoroka.

"Nilipokwenda kwenye nyumba ya zamani, wiki mbili baadaye, hakuwepo, na hakuna aliyejua alikopelekwa," akasema. "Nilihesabu kwamba amegongwa. Nikamwambia baba amekufa, usingizini, bila maumivu. Niliona ni afadhali kuliko kumwambia amepotea."

"Na baba?" nikauliza.

"Hakai. Anasimama dirishani siku nzima. Kile kiti hakigusi. Nikasema labda kimechakaa, kinamuumiza. Ndiyo maana nikakileta."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi na yalikuwa yamekwisha kujipanga. Lakini Jumanne nilikuwa nimekitazama kiti kilekile na mimi nikaona kitambaa tu. Nikafunga mdomo. Mume wangu anasema ni mara ya kwanza tangu tuoane.

Yeye ndiye aliyenyanyuka. Akamwonyesha binti ule mstari wa chaki na ile alama nyembamba. "Gusa hapa," akamwambia. "Hapa ndipo mkono wa baba ulipokuwa."

Akagusa. Vidole vikazipapasa zile nyuzi.

"Nikimpeleka, nitalazimika kumwambia kwamba nilimdanganya," akasema mwishowe. "Na akianguka tena je? Bora hao watu wamchukue. Baba asijue. Nawaombeni."

"Sisi hatutamwambia," nikasema. "Lakini kesho saa nne anaondoka. Kiti unakifuata saa ngapi?"

"Saa sita."

"Sawa," nikasema, na ilikuwa si sawa hata kidogo.

Alipoondoka, mume wangu alianza kupima mbao. Sikumuuliza. Akapiga fremu ya kitanda kifupi chenye kingo tatu, kikakaa sawasawa ubavuni mwa kiti, upande wa kulia, na akakifunga kwa ndoano mbili kisisogee. Mbwa akiwa humo yuko mahali pamoja, hayuko njiani mwa mtu, hakuna wa kujikwaa. Mimi nikakivisha kitambaa kilekile kipya cha kiti, kijani kibichi, na kwenye ukanda wa shingo ya mbwa nikashona njuga mbili ndogo, ili anayetembea ajue mbwa yuko wapi.

"Wasipokuja je?" nikauliza.

"Ndoano zinafunguka. Kitakwenda kwa mwalimu."

Kisha nikafanya jambo ambalo baba mkwe wangu angenifukuzia kazi. Sufi ya zamani hutupwa. Fundi anayejiheshimu harudishi kiti na matumbo yake ya zamani. Mimi niliianika juani, nikaichambua, nikairudisha ndani yote, pamoja na manyoya, nikapigilia kitambaa kipya juu yake.

Jumamosi, saa nne kasoro robo, Mama Mbwa akafika na watu wake. Nilitaka sana wawe wabaya. Hawakuwa wabaya hata chembe. Mwalimu wa chekechea alikuwa na sauti ya kubembeleza watoto thelathini kwa mpigo, na mumewe alikuwa amebeba blanketi lililofuliwa. Mwalimu alipiga magoti mbele ya Stesheni, akamwachia anuse mkono kwanza; naye akaunusa, akarudi kulala kwenye kitanda chake kipya kando ya kiti, akakoroma. Nilijisikia vibaya kwa kumpenda yule mwalimu.

Saa nne kasoro dakika tano. Mama Mbwa akatandaza fomu juu ya meza yangu ya kukatia. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kelele kuliko cherehani.

"Kalamu?" akauliza mwalimu.

"Zipo nyingi, ngoja nikutafutie inayoandika," nikasema, na nikaanza kutafuta taratibu kabisa. Kalamu ilikuwa sikioni kwangu. Mume wangu aliiona, akanyamaza. Mama Mbwa pia aliiona. Akaichomoa mwenyewe, akampa mwalimu.

Mwalimu akafungua kifuniko. Akaandika herufi ya kwanza. Na nje, gari likapiga breki.

Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Kisha ukasikika mkongojo juu ya zege, kok, kok, kok. Mzee mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, akaingia karakanani akishikwa mkono na binti yake. Macho ya binti yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia njiani," akaninong'oneza. "Hajasema neno mpaka sasa."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

Hakumtafuta mbwa. Nadhani aliogopa, nadhani alishaambiwa mengi yasiyokuwa kweli. Alikitazama kiti chake. Akakiendea, akageuka kwa uangalifu, akajishusha, akaegemea nyuma. Mkongojo akauweka upande wa kushoto. Akatazama mbele moja kwa moja, dirishani, kama bado ana reli mbele yake, na mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe kwa nje ya kiti.

Kichwa kilikuwa pale.

Sikuwahi kuona mbwa mzee akifanya alichofanya yule. Hakubweka. Alitoa sauti nyembamba, ndefu, ya mtoto wa mbwa kabisa. Akainuka mzima mzima, njuga zinalia, akaupanda mkono wa kiti kwa miguu ya mbele, akaingiza uso kwapani mwa mzee, na mkia ukapiga mbao, ukapiga meza, ukapiga miguu ya Mama Mbwa. Karakana nzima ilikuwa inadunda!

"Umekonda," mzee akamwambia. "Umekonda, na mimi nimekonda."

"Baba," binti akasema. "Baba, nisamehe, mimi..."

"Ngoja kwanza," akasema mzee, bila kugeuka. "Naongea na Stesheni."

Tukangoja. Mumewe mwalimu alikuwa analia ndani ya blanketi lililofuliwa. Mwalimu akaitazama fomu, akaitazama ile herufi moja aliyoandika, akarudisha kifuniko cha kalamu, tik.

"Mama Mbwa," akasema. "Yule mwenye mguu mbovu uliyesema ana miaka tisa, bado yupo?"

"Yupo!" Mama Mbwa akaruka. "Yupo, na anapenda watoto mno! Twendeni sasa hivi!" Na akawasukuma nje, mbio, kabla hawajabadili mawazo. Blanketi likaenda nao.

Mzee alipomaliza kuongea na Stesheni, alimwita binti yake kwa mkono wa kushoto. Walichosemezana sikukisikia, kwa sababu mume wangu alinivuta kwenye kona ya mbao na kunishika huko. Nilichoona ni kwamba binti alipiga magoti upande wa kushoto, mbwa yuko kulia, na mzee katikati hakuwa na mkono uliobaki wa kufutia macho.

Kisha ikabaki kazi. Mume wangu akaja na bahasha na orodha, kama tunavyomfanyia kila mteja. Hati yake ni ya polepole, herufi kubwa kubwa. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Vitu vilivyokutwa ndani ya kiti. Kitana kimoja. Kifuniko cha kalamu kimoja. Vifungo viwili. Tiketi ya treni moja." Akasimama kidogo. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho. "Mbwa mmoja."

"Ndiyo sheria yetu, mzee," mume wangu akasema. Alikuwa anayaangalia mabuti yake. "Hakiki, kisha uweke sahihi."

Mzee akaimwaga bahasha mapajani. Akahakiki kwa uzito wote, kimoja kimoja, kama mtu anayekabidhiwa treni. Akainua kifungo kimoja, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka mezani.

"Hiki si changu," akasema. "Vingine vyote ni vyangu."

Akaomba kalamu.